Kumbatio la Waziri

Katika nchi ya Ubongoni kila raia huzaliwa mrefu kama uzi, kisha mama yake humkunja taratibu mpaka apate umbo. Umbo ndilo kazi: wa ukoo wa Vikapu hubeba, wa ukoo wa Funguo hufungua. Asubuhi watu husalimiana kwa kukumbatiana, maana hapo ndipo jirani humnyoosha jirani palipojikunyata.

Langoni swali lilikuwa moja tu: "Una mbegu?" Lilitungwa kwa ajili ya maadui wawili. Bakteria alijigawa, mmoja akawa wawili, wawili wanne, huku akimpa mwenzake hila za kuishinda dawa. Virusi alivamia nyumba ya mtu, akamlazimisha mwenye nyumba kumzalishia watoto. Wote walinaswa kwa mbegu zao.

Adui wa tatu, Prioni, hakuwa mgeni. Alizaliwa humuhumu, ukoo wa Vikapu, ila alijikunja vibaya. Mfalme alipenda alivyosimama bila kutikisika, akamfanya Waziri. Kila Kikapu aliyekumbatiwa naye alipinda kama yeye, akaacha kazi, akaenda kukumbatia mwingine.

Ndipo Bi Kikapu, mama mmoja wa ukoo huo, akaenda barazani kwa Mfalme.

"Mfalme wangu, mdogo wangu Susu amepinda. Alikuwa akiwawekea wagonjwa maji mlangoni wala hangoji shukrani. Leo amemwacha mwanawe mwenyewe nusu uzi, hajamaliza kumkunja."

"Mkuu wa Lango," Mfalme akauliza, "Waziri ana mbegu?"

"Nimempekua, Mtukufu. Hata punje."

"Watoto?"

"Hana."

"Sasa mama, mtu asiye na mbegu wala mtoto anaongezekaje? Kwa uchawi?"

Baraza likaangua kicheko.

"Hazai, baba. Anatugeuza sisi tuwe yeye."

Waziri akafungua mikono. "Dada yangu umechoka. Njoo nikukumbatie."

"Hapo ulipo panatosha, Waziri."

"Anamnyima Waziri salamu!" Mkuu wa Lango akafoka. "Huo ni uasi!"

Mfalme, naye wa ukoo wa Vikapu, akataka kuwaonyesha watu kwamba hakuna la kuogopa. Akashuka, akamkumbatia Waziri kwa muda mrefu. Bega lake likapinda palepale. Baraza likamwinamia kama kawaida, kwa kuwa taji lilikuwa bado limekaa sawa.

Bi Kikapu akatoka upesi, akamchukua mtoto wa Susu akaenda naye kwake. Njiani aliona mashimo mahali palipokuwa na nyumba za watu waliopinda.

Alikuwa ameanza kumkunja mtoto, ndipo Susu akafika mlangoni, mikono wazi.

"Dada, hata salamu?"

Tangu utotoni Bi Kikapu ndiye aliyemnyoosha Susu kila asubuhi. Akaweka kata ya maji kizingitini, akarudi nyuma, akafunga mlango ambao haukuwahi kufungwa kwa ndugu.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Kunywa maji."

Akaketi, akaendelea kumkunja mtoto, taratibu, huku nje mdogo wake akiita.