Upande wa Dirishani

Baba mdogo alimleta mnunuzi wa vyuma chakavu, mizani mkononi, kabla hata sijanawa oili. Akanyooshea kidole kasha la gia nililolifunga ubavuni mwa injini ya lori letu.

"Lori lisipopanda mlima leo na mzigo, hicho kinang'olewa, kinapimwa kilo. Kaka alipoteza miaka na mdudu huyu. Mimi sipotezi hata wiki."

Mdudu huyo ndiye kazi ya mwisho ya marehemu baba. Turbo, feni inayoisukumia injini hewa, kwa kawaida huzungushwa na moshi wa injini. Lori likijikongoja mlimani, moshi ni kidogo, turbo inasinzia na nguvu hakuna. Baba akatengeneza gia za kuizungusha kwa nguvu ya injini yenyewe mpaka moshi utoshe. Hapo friwili, inayoshika upande mmoja tu kama ile ya baiskeli, inaiachia turbo ikimbie. Aliiunga mashine hiyo na kuifungua mezani mara nyingi, akafariki kabla hajaifunga kwenye lori. Nikaifunga mimi.

Nikashika usukani. Katikati ya mlima lori likakohoa, likagoma. Nikalirudisha kinyumenyume hadi gereji, majirani wakitazama.

"Kubali yaishe, mwanangu," baba mdogo akasema. "Una kichwa kigumu kama babako."

"Asante. Mizani isubiri."

Nikafungua kasha, nikapanga vipande mezani kama alivyokuwa akipanga baba. Sikuona kosa. Hasira zikanipanda, maana miaka yote nilimtazama akiunga gia, yeye upande wa dirishani, mimi huku mlangoni, na meno ya friwili yakinitazama mimi.

Yakinitazama mimi. Si yeye.

Tangu tumzike, hakuna aliyesimama upande wa dirishani. Nikaizunguka meza, nikasimama pale ambapo sakafu imelika kwa viatu vyake. Gia nyingine zote nilizipanga kama yeye, kulia kwake kulia kwangu, lakini friwili nilikuwa nimeielekeza kwangu, na yeye aliielekeza mbali naye. Nilikuwa nimeifunga kinyume: injini ikiisukuma turbo, friwili inateleza; turbo ikitaka kukimbia, inashikwa.

Nikaigeuza.

"Ikigoma tena?" baba mdogo akauliza.

"Nitafungua tena. Na kesho tena."

Safari hii lori halikukohoa. Lilianza mlima taratibu, turbo ikivuma tangu chini, na pale lilipogomea mwanzo likapita kama halipakumbuki. Kileleni nikapiga honi mpaka mkono ukachoka. Nililia pia, na sioni haya kusema.

Niliporudi, mnunuzi wa vyuma alikuwa akifunga mizani yake.

"Sasa nipime nini?" akauliza.

"Pima maneno ya baba mdogo," nikamwambia. "Ni mengi."

Kesho yake asubuhi baba mdogo alinikuta nimesimama upande wa dirishani, injini nyingine mbele yangu.

"Hapo ni pa kaka," akasema.

"Palikuwa pa kaka yako. Nipe hiyo spana."

Akaichukua. Kisha akaizunguka meza hadi upande wa mlangoni, akanipa.