Shavu la Kulia la Prosper

Esnath alifika kwetu Bulyaga hukumu ikiwa tayari mdomoni. Ni dada yake Obed, shemeji yangu, na tangu Obed afiwe na mke wa kwanza akamwoa dada yangu Agness, Esnath hajawahi kumaliza kikombe cha chai ya nyumba hii. Siku hiyo hata kiti alikikataa. Alimshika Prosper, mtoto wa marehemu, mwenye miaka saba, akamgeuzia uso mlangoni penye mwanga.

Kweli uso ulikuwa umepinda. Shavu la kulia nene, la kushoto limebonyea, kidevu kimeenda upande kama kinasikiliza umbea wa jirani.

Esnath alisema hayo ni makofi. Agness anatumia mkono wa kushoto, na kofi la kushoto hutua shavu la kulia. Hesabu hiyo alikuja nayo njia nzima. Anamchukua mtoto leo hii. Obed akaangalia sakafu.

"Mchukue," Agness alisema. "Lakini akitoka yeye, natoka na mimi. Kaka yako utakuja kumpikia wewe."

Mimi nimemaliza kidato cha nne, na somo nililofaulu vizuri ni mdomo. Nikamwambia Prosper akaze meno. Nikabonyeza shavu: jiwe.

"Dada Esnath, uvimbe hauwi mgumu hivi. Huu ni msuli. Kaza meno na wewe ujishike, kama hapo ulipo hujayakaza tayari."

Akaniambia biolojia yangu nikawauzie wauza ndizi sokoni.

Nikachukua hindi la kuchoma alilokuja nalo mwenyewe, nikampa mtoto. Punje zilikwenda kulia na zikabaki kulia. Nilipomwambia atafunie kushoto, machozi yakamtoka. Agness akamfungua mdomo. Gego la kushoto lilikuwa limeoza mpaka kwenye fizi.

Nikawaeleza kwamba fuvu la mtoto bado linajengwa, mfupa unakua ukifuata msuli unakouvuta. Upande mmoja ukifanya kazi yote na mwingine ukalala, uso unakwenda kwa mfanyakazi. Nikadhani tumeshinda.

"Haya, hukumpiga," Esnath akamwambia Agness. "Unampakulia kila siku. Hujawahi kumwangalia anavyokula?"

Hilo lilitua.

Prosper ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: baba alisema atakayelalamika jino atang'olewa kwa koleo. Sasa macho yote yakamhamia Obed, naye akadai alikuwa anatania. Hakuna aliyecheka, na mimi ndiye mcheshi wa nyumba.

Agness alijifunga kitenge, akamshika mtoto mkono kwenda hospitali. Esnath akawafuata hadi barabarani.

"Jino likishatoka, uso usiponyooka nakuja kumchukua."

"Mifupa haifanyi haraka kama wewe, wifi," Agness alisema bila kugeuka. "Uso wake utanyooka huku huku kwangu."