Mtungi wa Mama Igoki

Uani kwa Mama Muthomi, pale Nkubu, kulikuwa na mfereji wenye tabia mbaya ya kudondoka. Ulidondoka mchana kutwa na hakuna aliyeujali, na kwa nini aujali? Maji yenyewe yanatoka mlimani na mlima hauhami. Igoki peke yake ndiye aliyekuwa akitoka chumbani, kitabu kwapani, kwenda kuukaza mpaka mishipa ya mkono imtoke. Maxine, kitinda mimba wa nyumba hiyo na mwenzake darasani, alishampa jina: Askari wa Maji.

"Wewe Askari, achana na hiyo tap. Maji haiendi mahali."

"Inaenda chini," Igoki alijibu, na akarudi kwa kitabu chake.

Sasa, msije mkamwonea huruma bure. Igoki hakuwa na taabu yoyote. Alikuwa amenenepa, hata sketi alizotoka nazo kwao Kiambere, kule chini kwenye ukame, zilikuwa zimemkataa. Alikuwa anasomea ualimu katika chuo kilichokuwa ng'ambo tu ya barabara, na kwa vile bweni lilikuwa limejaa, kanisa la kwao lilizungumza na kanisa la Nkubu, na Mama Muthomi akasema kwa sauti yake kubwa, "Mleteni! Nyumba yote hii ni ya nani?" Basi akaletwa. Akapewa chumba chake, kitanda chake na kiti chake mezani. Alikunywa chai ya maziwa mpaka akasahau kwamba kuna chai ya rangi. Kila jioni alipiga magoti akamshukuru Mungu, na alipomaliza kushukuru aliongeza swali lake moja: Baba, mbona huku unanyesha na kule kwetu hunyeshi? Hakuliuliza kwa hasira. Aliliuliza kama vile mtoto anavyomuuliza babake mbona kaka yake ameongezwa nyama. Mungu hakujibu, naye Igoki akalala fofofo, kwa sababu tumbo lilikuwa limeshiba.

Ila kulikuwa na neno moja.

Kila mgeni alipoingia kwa Mama Muthomi, awe mwalimu, awe mwenye kununua majani chai, awe shangazi wa mbali, Mama Muthomi alimshika Igoki bega na kusema, "Na huyu ni ule msichana tunasaidia." Alisema kwa upendo. Mama Muthomi hakuwa na hila hata kidogo, moyo wake ulikuwa mpana kama meza yake. Lakini neno lile lilimchoma Igoki kila mara, na kila mara alitabasamu, na kila mara mgeni alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu. Msichana tunasaidia. Hana jina? Hana kwao?

Mambo yalianza pale mjukuu wa Mama Muthomi, kitoto Kanana, alipofikisha umri wa kubatizwa.

"Igoki, mwambie mama yako akuje," Mama Muthomi alisema. "Alale hapa Jumamosi, Jumapili twende kanisa pamoja. Tumwone."

Igoki alifurahi kupita kiasi. Alipiga simu nyumbani papo hapo, na mamake akafurahi zaidi. Halafu usiku huo Maxine, ambaye hawezi kuweka siri hata umfunge mdomo kwa gundi, akamwambia: "Mum amenunua blanketi na unga na mafuta. Atampea mama yako kanisani, mbele ya watu. Kuna mtu wa picha."

Woi! Igoki alihisi moyo umemshuka hadi kwenye ndara. Alimwona mamake amesimama mbele ya kanisa zima la watu wasiomjua, blanketi limetandazwa mikononi, simu zote zimeinuliwa. Alimwona anavyotabasamu huku anatafuta pa kuangalia. Tangu hapo Igoki alikuwa na ombi moja tu, hata la mvua akaliweka kando: kwamba Jumapili hiyo mamake aitwe jina lake, na lile neno la kusaidia lisitajwe. Lakini kwa nini lisitajwe? Ndengu zilikuwa zimekauka shambani, mbuzi walikuwa mifupa. Mama angeleta nini?

Jumamosi jioni Igoki alienda kumpokea stendi. Mamake alishuka amejifunga leso mpya, na nyuma yake utingo akashusha mtungi wa njano, mdomo umezibwa kwa karatasi ya plastiki na kufungwa kwa kamba ya katani.

"Mama, hii ni nini?"

"Maji," mama alisema kwa Kimbeere, lugha ya kwao, kama mtu aliyeulizwa kama jua ni jua. "Si ni ubatizo?"

Igoki alisimama pale kando ya barabara asijue acheke au alie.

Kule kwao Kiambere, kanisa lao la mabati halina mfereji wala tangi. Kwa hiyo siku ya kubatiza mtoto, kila anayealikwa huja na maji yake, huyu kikombe, huyu chupa, huyu nusu ya mtungi akijaliwa kuwa na punda. Yote humiminwa kwenye beseni moja na mtoto hubatizwa kwa maji ya majirani. Kwenda ubatizo bila maji ni aibu sawa na kwenda matangani ukiimba. Mama aliambiwa kuna ubatizo, akabeba maji. Alikuwa ameyateka bwawani, pale mto ulipozuiwa, akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha kwa kuni alizozitafuta mwenyewe, akayapoza na kuyafunga. Kisha akasafiri nayo kutoka huko chini hadi Nkubu, ambako maji hupita kila mtaro yakipiga kelele.

Na kosa lilikuwa la nani, kama si la Igoki? Kila mara mama alipouliza kwenye simu, "Huko maji mnapata?" yeye alijibu, "Tunapata, tunapata," kisha akabadilisha maneno. Angemwambiaje mama anayeamka na punda alfajiri kwamba huku watu wanaosha magurudumu ya gari kwa maji ya kunywa?

"Ni mazuri sana, mama," alisema. "Nipe nibebe."

Walipofika, Mama Muthomi alitoka mbio kumkumbatia mgeni, na katika kelele za "karibu" na "jisikie nyumbani", Igoki alizunguka nyuma ya jikoni na kuuficha mtungi. Aliuweka palipokuwa na mitungi ya maji ya ng'ombe, njano katikati ya njano. Alifikiria kuyamwaga yaishe. Mkono ulikataa katakata. Mtoto wa Kiambere hamwagi maji, hata awe na aibu kiasi gani. Akaondoka akijiambia kwamba kesho atamwambia mama yalitumika, na Mungu atamsamehe huo uongo mdogo.

Usiku ule mama alikula vizuri, akacheka vizuri, na Igoki karibu asahau.

Asubuhi ilikuwa na ukungu na haraka. Mama Muthomi alikuwa anapiga pasi na kugombeza watu wote kwa pamoja. Maxine alikuwa anatafuta kiatu. Igoki alimvisha Kanana gauni jeupe, akatoka naye mlangoni amemkumbatia, na hapo ndipo alipomwona Mzee Mwongera, mume wa Mama Muthomi, amevaa suti na gambuti, ameinama kando ya gari. Alikuwa amechukua mtungi wa kwanza uliokuwa karibu na mkono. Kipande cha plastiki na kamba ya katani vilikuwa vimetupwa kwenye nyasi. Maji yalikuwa yanamiminika juu ya gurudumu, gudu gudu gudu, na matope mekundu yanateremka nayo kuelekea mtaroni.

Igoki hakufikiria. Angefikiria angenyamaza.

"WACHA!" alipiga ukelele, na mtoto naye akaangua kilio. "Wacha, mzee! Hayo ni maji ya mama! Ni maji ya kubatiza Kanana!"

Nyumba nzima ilitoka. Mama Muthomi na pasi mkononi, Maxine na kiatu kimoja, na nyuma yao, akijifuta mikono, mama. Mzee Mwongera aliuinua mtungi upesi, lakini ulikuwa umebaki chini ya nusu. Alitazama mtungi, akatazama gurudumu, akatazama watu.

"Maji gani?" Mama Muthomi aliuliza. "Igoki, ni maji gani hiyo?"

Basi Igoki akasema yote, huku machozi yanamtoka na mtoto analia begani. Alieleza kuhusu kanisa la mabati na beseni na majirani na punda. Alieleza jinsi alivyouficha mtungi kwa sababu aliona haya. Neno haya alilisema akimtazama mamake, kwa maana huyo ndiye aliyestahili kulisikia. Alipomaliza, mfereji ulikuwa bado unadondoka.

Mama alienda taratibu mpaka kwenye gari. Alitazama maji yake yakizama kwenye udongo wa watu. Igoki akatamani ardhi immeze. Kisha mama akamgeukia Mzee Mwongera, ambaye alikuwa amebadilika rangi, maskini, na suti yake.

"Si kitu, mzee," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Gari pia imebatizwa. Sasa iitwe nani?"

Aliyecheka kwanza ni Maxine. Halafu mzee mwenyewe akacheka mpaka akashika boneti, na mama akacheka naye, na hata Kanana akanyamaza kushangaa. Mama Muthomi hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, pasi bado mkononi.

"Umebeba maji kutoka Kiambere," alisema. "Kwa mtoto wangu."

"Mimi ningekuja mkono mtupu namna gani?" mama alisema. "Na hii maji ni yenu. Hiyo mto yetu si inatoka mlima? Imeteremka mpaka kwetu, mimi nikairudisha."

Mama Muthomi aliinuka, akaweka pasi chini. Alimnyang'anya mumewe mtungi kwa nguvu ya mtu aliyekasirika, akaufunga upya kwa plastiki ileile na kamba ileile, akaupakia mwenyewe kwenye kiti cha mbele cha gari. Kiti hicho huwa ni chake. Yeye alikaa nyuma, amebanana na mama na Maxine na Igoki na mtoto.

Kanisani Mchungaji Thuranira aliambiwa sikioni, akaitikia kwa kichwa, akayamimina yale maji kwenye beseni mbele ya watu wote. Kanana alimwagiwa na akapiga chafya. Igoki alikuwa amefumba macho. Alijua kinachofuata: wageni kutambulishwa, na mwenye picha tayari alikuwa amesimama. Mama Muthomi alienda mbele, akamwita mama asimame kando yake, akamshika bega. Igoki alishika benchi.

"Huyu ni Mama Igoki," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Ametoka Kiambere. Maji mmeona ikimwagiwa Kanana, ni yeye ameleta."

Igoki alingoja yaliyobaki. Hayakuja. Mama Muthomi alikuwa amerudi kuketi, na watu walikuwa wanapiga makofi, na mama alikuwa amesimama pale mbele akiangalia watu machoni bila wasiwasi wowote, kama yuko kwao. Buti ya gari, yenye blanketi na unga na mafuta, haikufunguliwa pale kanisani. Igoki alilia tena, na safari hii wala hakujificha.

Jioni, mama alipofunga safari, Mama Muthomi alimfunika lile blanketi mabegani uani, bila mpiga picha. "Baridi ya huku itakuua," alisema, na mama akalipokea kwa mikono miwili na kulisifu rangi. Unga na mafuta aliyapokea pia, si kwamba ana kiburi. Kisha akaenda kuuchukua mtungi wake ulipokuwa.

"Lete hapa," Mama Muthomi alisema. "Chombo cha mtu hairudi kwao ikiwa tupu."

Aliusuuza, akauweka chini ya mfereji, akainama mwenyewe na nguo zake za kanisa, akangoja mpaka ukajaa hadi mdomoni. Halafu akafunga. Tone moja likatoka. Akakaza tena. Likatoka jingine. Akakunja mkono wa gauni, akashika mfereji kwa mikono yote miwili, akaukaza hadi ukanyamaza kabisa, na Maxine akamtazama Igoki akiwa ameachama mdomo.

Igoki alisogea aubebe mtungi.

"Wewe shika unga," Mama Muthomi alimwambia. "Hii ni ya wamama."

Wakaushika kila mmoja upande wake, wakaanza kuteremka kwenda stendi, mmoja akisema Kimeru, mwingine akijibu Kimbeere, na wakielewana. Mtungi uliwayumbisha. Maji yalikuwa yanaruka na kumwingia Mama Muthomi kwenye viatu vyake vya Jumapili, na hakuuachilia.