Saa Tisa ya Mashine

Tik. Tik. Kimya. Tik.

Ilikuwa sauti ya diski ikiamka. Stoo yetu haina dirisha. Hata asubuhi ya Jumapili, jua likiwa limeshapanda, humo ndani ni giza totoro, na mimi nilikuwa nimechuchumaa kati ya ndoo na mfuko wa unga, nikiisikiliza ile diski kama mzazi anavyomsikiliza mtoto mchanga akipumua. Umeme ulikuwa umekatika usiku, sasa umerudi. Kioo kikawaka, na seva ikaniuliza swali lake la kila umeme unapokatika, maana betri yake ya ndani imekufa na haikumbuki: sasa ni saa ngapi?

“Baba Chiriku! Saa ngapi huko?”

“Saa mbili kasoro!” mume wangu akajibu kutoka bafuni. “Hapana, saa mbili kamili! Na uji wako unamwagika!”

Nikaandika mbili, nukta mbili, sifuri, sifuri. Nikabonyeza. Nikakimbilia uji.

Seva ile niliiunda mwenyewe. Mchana napiga pasi kwenye duka la dobi, jioni nasoma darasa la kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imetupwa na ofisi moja jirani na dukani kwetu. Mwalimu alinionyesha namna ya kuipa diski mpya na kuiunganisha na kamera. Kamera tuliiweka ukumbini, juu ya mlango wa kuingilia, baada ya viatu vya majirani kuanza kutembea vyenyewe. Mume wangu alitaka tujiunge na kampuni, picha ziwe zinakwenda kwao. Nikakataa katakata. Nikamwambia siri za nyumba zilale nyumbani.

Mama mkwe alikuja kuitazama siku niliyoiwasha mara ya kwanza, ameshika mlango wa stoo. Anaishi nasi tangu Chiriku alipozaliwa. Chiriku ni binti yetu, wa chekechea, na jina hilo alilipata kwa mdomo wake usiopumzika. Bibi yake ndiye humchukua shuleni mchana, akamlisha, akamwogesha, akamlaza, mimi nikiwa darasani. Bila mama yule, darasa ningelisikia kwa watu tu.

“Sasa sanduku hili linafanya nini, mwanangu?”

“Linahifadhi, mama.”

“Linahifadhi nini?”

“Sisi.”

“Haya. Anayehifadhiwa na alale,” akasema, akacheka, akarudi jikoni.

Jumamosi iliyofuata ile Jumapili ya uji nilikuwa nyumbani. Mwalimu alikuwa ametuambia kila mtu alete kazi yake aionyeshe darasani. Nikaona, ah, nitawapelekea kipande cha video kutoka seva yangu, wanione mimi ni nani. Nikaingia stoo. Nilitaka kitu cha usiku, chenye mashaka kidogo. Kila mtu anajua mwizi hupenda saa tisa ya usiku, usingizi unapokuwa mzito, kwa hiyo nikaifungua Ijumaa, nikaenda moja kwa moja kwenye sifuri tatu, yaani 03:00. Na kugeuza saa za mashine najua. Sifuri tatu ni saa tisa usiku. Nimefundishwa.

Picha za ukumbini kwetu ni za kijivu wakati wote, kwa sababu mlango unafungukia korido ya jengo, na korido nayo haina mwanga. Nikamwona mama mkwe anatoka chumbani kwake. Ananyata. Anashika ukuta. Anafungua mlango, anachungulia kushoto, anachungulia kulia. Anaingia mwanamume mwenye kofia na begi. Mlango unafungwa, wanaelekea chumbani. Baada ya kitambo mwanamume anatoka, na mama anaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

Nikaifungua Jumatano. Yule yule. Jumatatu. Yule yule.

Mume wangu nilimwonea haya. Nitamwambiaje mtu habari hiyo ya mama yake? Nikamtumia video wifi yangu, dada wa mume. Nikaandika: “Wifi, naomba ushauri, hii ni saa tisa usiku.” Ushauri! Wifi yangu kumwomba ushauri ni kama kumwomba kuku akulindie mtama. Nilipotoka stoo, video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo, na shemeji wa mbali nisiyejua hata sura yake alikuwa ameweka kikatuni cha mtu aliyeziba mdomo.

Alasiri wifi akatua, hata viatu hakuvua.

“Mama, tuambie. Saa tisa za usiku, mwanaume gani?”

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. “Saa tisa usiku mimi nalala.”

“Mama!”

“Nalala, nakwambia. Na nakoroma, muulize huyu mtoto.”

“Bibi anakoroma,” Chiriku akathibitisha kutoka chini ya meza.

“Wewe nyamaza! Mama, mashine haisemi uongo. Ukoo mzima umeona. Kama unataka mume, sema, tukuozeshe kwa heshima, si kumwingiza mtu kama paka anayeiba samaki.”

Mume wangu alikuwa amekaa akitazama sakafu. Alinitazama mara moja, kuniuliza kwa macho kwa nini aliyajua haya kupitia simu, kama mtu wa nje. Nikageuza uso.

Mama akaweka sinia chini taratibu. Hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi.

“Mwanangu, uliniambia linatuhifadhi.”

Akasimama kwa kushika meza, akaenda chumbani kwake. Tukasikia zipu ya begi.

“Anakwenda kwangu leo leo,” wifi akasema. “Na wewe, wifi, hebu tuletee hizo nyingine zote tuzione hapa kwenye televisheni. Tusije tukaambiwa tumemsingizia.”

Nikarudi stoo. Nilikuwa na hasira ya kutaka kuwa na haki, hasira mbaya sana hiyo, inampofua mtu. Ili nisiruke kitu, safari hii nikaifungua Ijumaa tangu mwanzo.

Sifuri moja. Yaani saa saba ya usiku. Ukumbini anapita mwanamke mwenye aproni ya duka la dobi, kitambaa kichwani, mkono mmoja anavaa kiatu, mkono wa pili anamvuta mtoto mwenye sare. Mtoto anageuka, anaitazama kamera, anatoa ulimi.

Chiriku huitolea kamera ulimi kila asubuhi tunapotoka kwenda shule.

Nikatazama tena. Mimi, saa saba ya usiku, nampeleka mtoto chekechea? Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mashine huanza kuhesabu katikati ya usiku, sisi tunaanza jua linapochomoza. Saa mbili yetu ya asubuhi, yenyewe huiita nane. Na mimi Jumapili ile, uji ukimwagika, nilikuwa nimeiandikia mbili. Nilifikiri kwa Kiswahili nikaandika kwa mashine. Wiki nzima ilikuwa nyuma kwa saa sita, na hiyo saa tisa yake ya usiku ilikuwa saa tatu ya asubuhi, sisi tukiwa kazini, watu wazima wote wakiwa macho, mchana kweupe.

Nikairudia video ya mama, nikiwa sasa najua ni asubuhi. Begi la mwanamume lilikuwa na alama ya msalaba ubavuni. Shati lake lilikuwa na mifuko miwili ya kifuani, kama mashati ya wauguzi wa zahanati ya chini ya jengo letu. Na mama mkwe hakuwa ananyata. Alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto haukanyagi, ukuta ndio unaombeba. Nilikuwa nimetazama maumivu ya mtu nikayaita hila.

Kidole changu kikakaa juu ya kitufe cha kufuta. Nisiseme uongo, kilikaa. Ningefuta, ningesema diski imeharibika, nani angejua? Mama angeondoka na aibu yake, mimi ningebaki na sifa yangu ya kujua mashine. Kupitia ukuta niliisikia ile zipu, imekwama, anaivuta, imekwama.

Nikatoka. Sijui niliyasema vipi. Najua nilianza na “saa”, nikarudia “saa”, mpaka wifi akasema, “Saa imefanya nini, jamani, imeanguka?”

“Nimeiweka vibaya. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Yule ni muuguzi. Mama anaumwa mguu.”

Chiriku akatoka chini ya meza.

“Mguu gani?” mume wangu akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto. Tunaishi naye, tunakula alichopika, hakuna aliyejua ni mguu gani. Ilibidi niseme mimi: “Wa kushoto,” na nilikuwa nimeujua muda huo huo, kwa kamera.

Wifi akakaa. Sasa ndipo alipovua viatu. “Mficha maradhi,” akaanza, methali haikufika mwisho. Akafuta macho kwa kiganja. “Ni mimi niliyemfanya afiche, wifi. Sikukuu iliyopita nilisema mbele yake, mama akianza tu kuumwa namhamishia kwangu, mtoto apelekwe kwa mlezi. Nilidhani namhurumia.”

“Toa ile video,” mume wangu akamwambia.

“Nitatoa. Lakini wameshaiona.”

“Wameshaiona,” nikasema. Maji yaliyomwagika hayo. Nikachukua simu yangu, nikabonyeza pa kurekodi sauti, mbele yao, kabla sijapata akili ya kuogopa. Nikasema kwenye kundi la ukoo kwamba saa niliiweka mimi, kwamba kosa ni langu na mama mkwe hana doa, na kwamba aliyeweka kikatuni akiondoe. Sauti yangu ilitoka kama ya mwizi aliyeshikwa. Nikaituma hivyo hivyo.

Hilo lilikuwa jepesi. Ukoo uko mbali.

Mlango wa mama mkwe uko hatua chache kutoka sebuleni. Nikafika, nikainua mkono, nikaushusha. Zipu ilikuwa imenyamaza. Niliyaona mazulia, niliiona kamera juu yangu na kijitaa chake chekundu, nikajua kwamba hili nalo linahifadhiwa, mwanamke amesimama mbele ya mlango na hagongi. Ningemwambia nini? Nikajaribu moyoni: Mama, nisamehe. Mama, kaa. Mama, nitaacha darasa, nitakuuguza mguu mwenyewe. Yote yalikuwa ya kweli. Nikainua mkono tena.

Chiriku akapita chini ya kwapa langu. Akakisukuma kitasa kwa mikono miwili, mlango ukafunguka kidogo tu, mwanga wa taa ya bibi ukaanguka miguuni pangu. Nikaona ncha ya begi kitandani, na mguu umenyooshwa juu ya kigoda, bendeji nyeupe kuanzia kisigino.

“Bibi,” akasema, “mama yuko mlangoni anaogopa kuingia.”