Upawa wa Siyawezi

Kitu cha kwanza alichokiona Siyawezi, kabla hajajua kwamba kukiona ni utovu wa adabu, ni kwamba macho ya mgawaji wa dawa hayashuki chini ya shingo. Alikuwa mtoto bado, mama yake amembeba mgongoni mpaka kibandani kwa mgawaji, mguu wa kushoto umemvimba kama boga, naye akautanguliza mbele ili uonekane. Mgawaji, Bwana Faki, mtu mpole mwenye kucha safi, akamtazama shingoni, akakuta shingo tupu, akasema, "Huyu bado mgeni." Akamvika uzi wenye kijiko kidogo kama cha kuchokolea nta ya sikio, akamnywesha alichomnywesha, akaita mwingine. Mguu ukabaki umetangulia peke yake, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya viziwi.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Shwarini. Nchi yenyewe ilipendeza kwa mtu anayeitazama kwa mbali: mabonde yaliyoshikana mikono mpaka upeo wa macho, yote yamepandwa minyamazi, mti wa majani ya rangi ya fedha, wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia na utomvu mweupe ambao tone lake hunyamazisha jino, mgongo, uchungu wa uzazi na hata majonzi. Hapo kale mabonde yale yalikuwa ya mtama na kunde. Ndipo ukoo wa Wenye Birika, wakaao juu kilimani penye upepo, walipong'oa mtama wakapanda minyamazi, kisha wakawaita wenye mtama waje kuipalilia pekupeku, kwa maana kiatu, walisema, huiudhi mizizi. Aliyepalilia alichomwa, aliyechomwa alikwenda kibandani, aliyekwenda kibandani alirudi amenyamaza, na kesho yake akaingia tena shambani asiwe na habari na miguu yake. Mti mmoja uliwapa Wenye Birika mwiba na dawa ya mwiba, na hapakutokea mtu wa kushangaa kwamba ugonjwa na duka vimeota kwenye shina moja. Watu wa Shwarini hawakuwa wajinga. Walikuwa wametulia.

Hata salamu yao ilikuwa ya utulivu. "Kumenyamaza?" mmoja huuliza, na mwenzake hujibu, "Kimya." Kujibu vinginevyo kulikuwa sawa na kumkoholea mtu usoni. Na juu ya lango la birika kubwa lililojaa utomvu, palichongwa maneno ambayo kila mtoto aliyafahamu kabla ya kufahamu jina la babu yake: Mkono husifiwa, kinywa hulaumiwa.

Basi kijiko kile kidogo, kama ilivyo ada, kilitosha kwa muda kisha kikaacha kutosha. Mwili wa binadamu ni mpangaji mwerevu. Ukimzoesha kupikiwa, hawashi tena moto wake mwenyewe. Bwana Faki hakuuliza lolote. Alikitazama kijiko, akasema, "Hiki kimekuwa kidogo," akamvika cha chai. Kule Shwarini kupandishwa kijiko kulikuwa sherehe. Wanawake walipiga vigelegele, mama yake Siyawezi akapika pilau, akapita mlango kwa mlango akitangaza, "Mwanangu kapandishwa! Mtoto wa fulani bado yuko kwenye cha sikio, wangu kapandishwa!" Shule Siyawezi aliiacha darasa la kwanza, wiki walipoanza kufundishwa kutoa, kwa hiyo maishani mwake alijua kujumlisha tu, na waliomfahamu walisema hilo lilionekana.

Alipovikwa upawa, kifuu kizima cha nazi chenye mpini mrefu, walichinja mbuzi. Siyawezi, ambaye kwa haya yake akijigonga mlangoni kwa bahati mbaya huuomba mlango radhi, aliketishwa mkekani amefunikwa uso kama bibi harusi, upawa umemlalia kifuani. Kwa kweli ndiyo harusi pekee aliyowahi kufanyiwa, na bwana harusi mwenyewe alikuwa kifuu. Hata hivyo, alijiambia, wapo walioolewa na vibaya zaidi.

Watu wa vijiko vidogo walimwonea wivu. Walidhani anayekunywa upawa mzima anapaa, anaelea juu ya mapaa akizungumza na ndege. Somoe, shoga yake wa nyumba ya pili, mwanamke wa maneno mengi aliyezoea kuchomeka pini kubwa kwenye kilemba chake, alimuuliza siku moja waziwazi.

"Hebu nambie, shoga. Ukishautia wote huo tumboni, unaona nini?"

"Naona sufuria."

"Sufuria zipi tena?"

"Za jana. Hazijaoshwa," alisema Siyawezi, kidevu kifuani. "Bila upawa sizioni."

Somoe alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini ulikuwa ukweli mtupu. Upawa haukumpaisha popote. Ulimfikisha tu pale ambapo wenzake huamkia, akiwa anahema, amechelewa, na safari ya siku nzima bado iko mbele. Upawa ulioweza kumlaza fahali ulimtosha yeye kufunga kanga tu. Na siku alipoungua mkono kwa mafuta ya maandazi, akapewa utomvu kama wanavyopewa wengine wanaoungua, ulipita mwilini mwake kama maji yapitavyo kwenye chujio, akakaa na mkono wake kitako, akiupulizia kama kinywaji cha moto, huku majirani wakisema, "Siyawezi bwana, na upawa wote ule bado analia!"

Nchi ikaendelea kutulia, ikatulia kupita kiasi. Kinyozi alisinzia wembe ukiwa shavuni mwa mteja. Msafara wa harusi ulilala njiani, bwana harusi akaamkia nyumba isiyo yake na kulishwa chai kwa heshima zote. Watu walicheka. Kisha wakawapo waliolala wasiamke, na vicheko vikapungua, ingawa hakuna aliyeuliza. Walizikwa, na waombolezaji wakapita kibandani kabla ya kurudi majumbani. Kilichowashtua Wenye Birika hakikuwa makaburi. Wapaliliaji walianza kulala chini ya miti na utomvu usikingwe, birika likashuka.

Hapo ndipo ilipogunduliwa kwamba Shwarini ilikuwa na walafi.

Bwana Faki alizunguka mitaani na tarumbeta. Alisimama mlangoni kwa Siyawezi, macho yakiwa palepale, shingoni.

"Ni aibu," alisema kwa upole. "Mtu mzima, mwanamke, na upawa. Ulafi gani huu, binti yangu? Kuanzia kesho kila mtu atarudi kwenye kijiko cha sikio. Vikubwa vyote vitachomwa. Wa kwako usiulete motoni. Mtukufu Mwenye Birika ameagiza mwenye mkubwa kuliko wote aufunge mgongoni, aje nao uwanjani Siku ya Kupanda, watu wamwone."

Siyawezi alimtazama mtu aliyemvika kijiko cha kwanza, cha pili na upawa, na aliyekula mguu mzima wa yule mbuzi. Maneno yalimpanda kooni kama kikohozi. Alipofungua kinywa ili ayatoe, alijisikia akisema, "Ahsante, Bwana Faki."

Alipofunga mlango aliuambia mlango mambo mazuri sana.

Siku zilizofuata hazikuwa na sherehe. Alitoka jasho la baridi, akapiga miayo mpaka taya zikauma, mifupa ikamwasha kwa ndani pasipofika ukucha. Na chini kabisa, kwenye kisigino cha kushoto, ule mguu ulionyamazishwa tangu utotoni uliamka na maneno yake yote ya miaka hiyo, ukataka kuyasema kwa mara moja. Kisigino kilivimba, kikawaka, wekundu ukapanda kwenye muundi kama chungu wanaokwea. Somoe, ambaye naye alinyang'anywa kijiko chake cha chai na alikuwa akitetemeka kama jani, alikuja kumtazama.

"Wewe mguu huu utaupoteza," alisema, kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Nimeona wa namna hii. Wekundu ukifika gotini, mguu hukatwa."

"Kesho nina sherehe," alisema Siyawezi. "Nitaupoteza keshokutwa."

Siku ya Kupanda watu walijaa uwanjani, wanatetemeka, wanapiga miayo, wanasalimiana "Kimya" kwa meno yanayogongana. Siyawezi alisimamishwa mbele, upawa mgongoni kama mtoto asiyekua, uzito wote juu ya mguu wa kulia. Wengine walimzomea. Hakuwachukia. Kama angekuwa amesimama nyuma, alijiambia, huenda naye angejizomea, na kwa sauti nzuri kuwashinda.

Mtukufu Mwenye Birika akateremka kutoka kilimani, mtu mnene mwenye ngozi laini kama ya mtoto wa siku saba, shingo tupu, kwa sababu katika ukoo wao hakuna aliyevaa kijiko. Kila asubuhi alionja birika ili kuhakiki ubora, na kuonja hakukuwa kunywa. Alihutubia juu ya kiasi. Alihutubia juu ya mikono inayotoa na vinywa visivyotosheka. Kisha, kama desturi ilivyotaka mara moja kwa mwaka, akavua viatu vyake vya hariri ili apande mche wa mnyamazi kwa miguu mitupu, kuibariki ardhi, akapiga hatua.

Sauti aliyoitoa haikuwahi kusikika Shwarini. Mbuzi waliokuwa pembeni waliacha kutafuna.

"Mgawaji!" alilia. "Mgawaji!"

Bwana Faki alikuja mbio, akainama, akamtazama shingoni. Shingo ilikuwa tupu. Akatazama tena. Kwa elimu yote aliyokuwa nayo, mtu asiye na kijiko hakuwa na maumivu.

"Mtukufu," alisema kwa hofu, "huyu... yaani wewe... bado mgeni." Akachovya kijiko cha sikio kwenye ndoo ya utomvu aliyokuja nayo, kama sheria ya Mtukufu ilivyosema, akamtilia ulimini.

Hakikufanya kitu. Kilikuwa tone la mvua baharini.

"Kingine!"

"Sheria, Mtukufu."

"Lete kikubwa, mpumbavu wewe! Lete upawa!"

Vikubwa vyote vilikuwa majivu. Macho ya uwanja mzima yakageuka polepole mpaka yakatua mgongoni kwa Siyawezi. Bwana Faki akaufungua mwenyewe, akachota nao utomvu mpaka ukafurika, Mtukufu akaunywa kwa mikono miwili. Watu walisubiri alale. Upawa uliweza kumlaza fahali, sembuse mtu? Mtukufu alipangusa midomo, akahema, akasema, "Bado! Mwingine!" Akaunywa wa pili, akiwa macho makavu kama mjusi, na wote waliokuwa uwanjani wakajua ni asubuhi ngapi mtu anatakiwa kuonja ili afike pale. Hakuna aliyezomea. Ulikuwa ukimya mwingine kabisa, usiotoka birikani.

Mtukufu alikuwa amekaa chini, unyayo umeelekea juu, karibu na miguu ya Siyawezi. Mwiba ulionekana, umechomoza nusu kucha. Bwana Faki alikuwa bado anamtazama shingoni, kwa bidii, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali alipozoea kuuweka.

"Wapi?" alisema Siyawezi.

Alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba yeye mwenyewe alidhani ni mtu mwingine.

"Nini wapi?" aliuliza Mtukufu.

"Panapouma."

Mtukufu alimkodolea macho. Neno hilo hakuwahi kuulizwa wala kuliuliza. "Upawa!" alisema. "Inauma upawa!"

Lakini nyuma, kwenye umati, mwanamume mmoja mpaliliaji alikaa chini, akaupindua unyayo wake, akautazama kama anayetazama uso wa ndugu aliyepotea. Kisha mwingine. Uwanja ukaanza kuketi, nyayo zikaelekea juu, na ndani ya nyayo, chini ya ngozi iliyogeuka gome, vikaonekana vistari vyeusi vya miiba, ya zamani na ya juzi.

Somoe alipenya mpaka mbele. Alikuwa anatetemeka, lakini mkono alioupeleka kwenye kilemba ulijua uendako. Alichomoa ile pini kubwa, akaipitisha kwenye ulimi wa moto wa taa ya sherehe, akapiga magoti. Mbele yake palikuwa na visigino viwili: kimoja laini, kilichochomwa sasa hivi, na kimoja chenye wekundu uliokaribia goti.

"Mimi kwanza!" alisema Mtukufu. "Mimi kwanza, nitakupa birika!"

Siyawezi alijua kwamba kutolewa mwiba hakutamwondolea kiu ya upawa siku hiyohiyo. Kesho angetoka jasho tena, na keshokutwa, na ingemlazimu ajifunze somo alilolikimbia darasani, la kutoa, kidogo kidogo, kwa mkono wa mtu atakayekubali kutazama chini. Alijua pia kwamba maisha yake yote alikuwa amesogea pembeni ili wengine wapite, hata walipokuwa hawaendi popote. Aliketi. Akautanguliza mguu wa kushoto, kama siku ile kibandani.

"Ni hapa, shoga," alisema, na safari hii Shwarini nzima ilisikia. "Mwiba umo tangu utotoni. Anza na mimi."