Kuku wa Kielelezo

Saa tatu asubuhi, Jumanne moja ya Julai 1994, koplo Salumu aliingia mahakamani Kilwa Masoko akiwa na kuku mwekundu kwapani. Mguu wa kushoto wa kuku ulikuwa umefungwa mabanzi ya mwanzi. Koplo alimweka juu ya meza ya vielelezo, na watu waliojaa hadi madirishani wakacheka. Mwendesha mashtaka wa polisi hakucheka.

Kizimbani alisimama Benadetha, fundi wa kuunga mifupa. Alizaliwa Newala, akaolewa Tingi, huku Kilwa, na huko alilima ufuta na kuunga mifupa ya watu. Alishitakiwa kutibu bila kibali. Kibali chenyewe hakikuwepo: serikali ilikwisha kuruhusu zahanati za watu binafsi, lakini mganga wa asili hakuwa na pa kujiandikisha. Kilichomlinda ni kifungu kimoja cha sheria ya madaktari kilichobaki tangu ukoloni. Mtu aliweza kutibu kwa njia za kwao ikiwa jamii yake inamtambua kuwa amefundishwa kazi hiyo, mradi asihatarishe maisha. Asipopata wa kumtambua, angeweza kufungwa jela, na mabanzi ya mgonjwa wake yangefunguliwa na mkono mwingine.

Mgonjwa huyo, Abilahi, alikuwa nje ya dirisha, amelala nyuma ya pikapu. Alikuwa utingo wa lori, akaanguka kutoka juu ya magunia pale Nangurukuru na kuvunjika mundi, mfupa wa mguu chini ya goti. Aliyempeleka kwa Benadetha ni kaka yake, Idd, mwenye hoteli ya chakula kituo cha mabasi. Aliyemshitaki Benadetha baadaye ni Idd huyo huyo.

"Mheshimiwa," mwendesha mashtaka alianza, "mshitakiwa alimvunja kuku huyu mguu kwa makusudi, akamfunga kama alivyomfunga mgonjwa. Akasema kuku akitembea, na mgonjwa atatembea. Huo ni uchawi mtupu."

Hakimu alimgeukia Benadetha. "Ni kweli?"

"Kweli, mheshimiwa. Mwanamume ukimwambia asikanyage, usiku anakwenda chooni kwa mguu ule ule. Ukimwambia angoje kuku, anangoja. Kuku ndiye askari wangu."

Kicheko kilizuka. Koplo Salumu alijitazama sare.

"Hata hivyo," alisema mwendesha mashtaka, "wanaomtambua wako Newala. Hapa ni Kilwa. Mahakama imeita mara mbili mtu wa kumtolea ushahidi, hakuna aliyejitokeza."

Hilo lilikuwa kweli. Na kwenye mabenchi walikaa watu wengi aliowaunga. Lakini huku pwani mtu huingia kwa mganga kwa mlango wa uani, na akipona humshukuru Mungu.

Idd akaitwa. Alipopita mbele ya kizimba aliinamisha kichwa bila kufikiri. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Mahakama ilivunjika mbavu. Idd aliapa, akaeleza kwamba mshitakiwa alimtibu mdogo wake kwa njia asizozielewa, na kwamba hakuridhika.

"Una swali kwa shahidi?" hakimu alimuuliza Benadetha.

"Naomba kwanza nimwone kuku."

Aliruhusiwa. Aliinama mezani, akapitisha kidole chini ya banzi, akakinusa, kisha akakiinua watu wakione. Kilikuwa kimelowa dawa ya kijani, kinang'aa mafuta.

"Kuku huyu alichukuliwa na polisi siku niliyokamatwa, na sijamgusa tena. Dawa hii imepakwa leo. Chungu chake kimoja tu kilibaki, chumbani kwa Abilahi. Idd, nani amempaka kuku wa serikali?"

Idd alimtazama koplo.

"Koplo?" aliita hakimu.

"Mheshimiwa, mlalamikaji huja kituo cha polisi kila asubuhi. Husema anamletea kielelezo pumba."

Kelele zilipanda. Karani aligonga meza.

"Mheshimiwa," Idd alisema, jasho likimtoka, "mdogo wangu anamuulizia kuku. Hali chakula, halali usingizi. Ningemwambia nini, kuku yuko mahabusu?"

"Umemshitaki mtu, na dawa yake unaitumia?"

"Nilimshitaki bibi. Dawa sikuishitaki."

Hakimu alingoja vicheko viishe. "Ulimshitaki kwa nini?"

"Niliambiwa mguu ukioza, nitaulizwa mimi niliyempeleka. Nikaona niwahi polisi. Ukioza, nilikwisha kulalamika. Ukipona, mdogo wangu kapona."

"Ukajikinga mvua kwa mwavuli wangu," alisema Benadetha.

"Bibi, nisamehe."

"Shahidi, jibu swali moja," hakimu alisema. "Unamtambua mshitakiwa kuwa amefundishwa kuunga mifupa?"

Mwendesha mashtaka alisimama nusu. Idd alimtazama, akamtazama Benadetha, kisha akapandisha mkono wa kanzu hadi juu ya kiwiko.

"Mkono huu nilivunjika nikicheza mpira. Aliuunga yeye. Nangurukuru nzima inajua."

"Na goti langu!" Alikuwa Mwahija, muuza vitumbua wa kituo cha mabasi, amesimama juu ya benchi.

"Bega langu je?"

"Mama yangu, nyonga!"

Mikono ya mashati ilipandishwa, suruali zikakunjwa. Karani aligonga meza bure. Hakimu aliamuru kimya, lakini kalamu yake haikuacha kuandika.

"Mheshimiwa, huyu ni shahidi wangu!" alilalamika mwendesha mashtaka.

"Ndiyo maana ninamwandika kwa makini."

Hakimu aliinuka, akaenda dirishani. "Abilahi, chezesha vidole."

Vidole vya mguu uliofungwa vilicheza vyote. Hakimu aliagiza pikapu isogezwe, akanyoosha mkono dirishani akavigusa. Vilikuwa na joto. Alirudi kitini akasoma uamuzi: jamii ya Kilwa inamtambua mshitakiwa, kwa kinywa cha shahidi wa mashtaka mwenyewe, hatari kwa maisha haikuthibitishwa, mshitakiwa yuko huru, kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe.

Mwahija alipiga vigelegele. Koplo Salumu alimweka kuku sakafuni. Benadetha alipiga magoti, akafungua mabanzi ya mwanzi, akajisogeza nyuma.

Kuku alisimama kwa mguu mmoja. Akashusha wa kushoto, akakanyaga, akayumba, akakanyaga tena. Kisha akatembea, akichechemea, kuelekea mlangoni, na watu wakampisha.

"Katembea!" Abilahi alipiga ukelele kutoka kwenye pikapu. "Bibi, katembea! Nifungue!"

Benadetha alitoka nje, akapanda kwenye pikapu, akaanza kufungua fundo la kwanza la mabanzi yake.