Kipimo cha Bi Usafi

Mtaani walimwita Bi Usafi, na wala si kwa kumsifu. Alikuwa mtu wa kuosha ufagio kabla ya kufagia. Mumewe, mlinzi wa ghala, akirudi asubuhi alivuliwa viatu nje kama mwizi aliyekamatwa.

"Siku nikifa," mume alilalamika, "utanituma nikaoge kwanza ndipo unilie."

Bi Usafi hakucheka. Kicheko kilimkauka tangu wamzike dada yake. Saratani ya mlango wa kizazi ilimla akabaki mifupa na macho, ananuka, anawaomba radhi wanaomuuguza. Na sasa Bi Usafi naye alikuwa akiona matone. Si siku zake, hizo zilishamuaga zamani. Matone tu, kila mumewe akimkaribia. Hakumwambia mtu. Aliyafua.

Lakini hofu haikufulika. Akajikokota mpaka zahanati, kwa nesi wa kina mama, binti mpole wa sauti ndogo. Kabla ya kutoka nyumbani alijifungia bafuni na sabuni na maji ya uvuguvugu, akajisafisha mpaka ndani kabisa, huko ambako hata sabuni inaona haya. Ataendaje kujifunua mbele ya mtoto wa watu akiwa na uchafu?

Nesi hakulipua kazi. Chombo cha kufungulia njia alikilowesha maji tu, bila mafuta, yasije yakaharibu kipimo. Akazungusha kijibrashi kwenye mlango wa kizazi kuchukua chembe za kupima saratani, akakipaka juu ya kioo, na kufumba na kufumbua kioo kikawa ndani ya spiriti kabla hakijakauka.

Majibu yakaja: chembe hazitoshi, kioo hakisomeki, arudie baada ya miezi kadhaa.

"Labda ni mkono wangu, mama," nesi alisema.

Bi Usafi hakuamini. Hakisomeki! Si ndivyo wanavyosema wakishaliona jeneza lako? Usiku analala macho wazi, mchana anasugua masufuria yaliyokwisha kung'aa. Zamu ya kurudia ilipofika, akajisugua maradufu. Majibu yakawa yale yale. Nesi akakikodolea macho kijibrashi kama mtu anayemtazama mshenga aliyekula mahari.

Mara ya tatu mabomba yakakauka mtaa mzima. Bi Usafi akazunguka na ndoo.

"Ya kunywa hatuna, wewe unataka ya kuogea?" jirani alimcheka. "Leo Bi Usafi atanuka kama sisi!"

Akaenda hivyo hivyo, uso kaufunika kwa mtandio. Alipolala kitandani kwa nesi, machozi yalikuwa yakimwingia masikioni.

"Nisamehe, mwanangu. Maji hakuna. Leo sijajiosha ndani."

Mkono wa nesi ukasimama hewani. "Ndani? Kwani zile siku nyingine..."

"Nilijisugua barabara! Nikuaibishe?"

"Mama, ulikuwa unaziosha chembe zile zile ninazozitafuta. Zimeishia kwenye mfereji wa bafu lako."

"Basi lipimeni bafu," alisema Bi Usafi, akacheka, tena peke yake.

Nesi alikuwa amekwisha kuinama na taa. Akaisogeza karibu zaidi.

"Na hii damu?"

"Ndiyo huwa naiosha."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujajuana."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nesi akajishusha kwenye kigoda. "Kweli. Sikukuuliza. Ningejua, nisingengoja kioo. Ningekupeleka hospitali kubwa siku ile ile."

Walikwenda siku hiyo. Wakamkata kipande kidogo cha nyama, wakakipima, na hicho kikasomeka vizuri sana. Majibu yalipotoka siku kadhaa baadaye, daktari alisema watamchoma kwa mionzi, watajaribu. "Imeshasogea, mama. Ingewahiwa..." Sentensi hakuimaliza, akageukia dirisha.

Mume aliambiwa kwa simu jioni hiyo, akiwa kazini. Alifika nyumbani mbio, akakuta maji yamerudi. Bomba la uani lilikuwa wazi, ndoo imejaa inamwagika, sakafu yote tope. Bi Usafi amekaa pale pale katikati, mikono mapajani, anayatazama maji.

Mume akasimama mlangoni, akainama kwa mazoea kufungua kamba za viatu.

"Ingia navyo tu," alisema mkewe.

Miaka yote ya ndoa aliingoja kauli hiyo. Akaketi kizingitini, akavivua kimoja kimoja, akavipanga nje sawasawa, kisha akaanza kulia.